Nikiongea Kiingereza nakubali haraka: tatizo ni lugha au ni mimi?

"Mimi na wenzangu wawili tuna kampuni ndogo Njombe. Tunakusanya parachichi kwa wakulima na kuziuza nje. Mnunuzi wetu mkubwa yupo Uholanzi, na vikao vyote tunafanya kwa Kiingereza kwa njia ya video. Nimegundua kitu kinachonitisha: nikiongea Kiingereza naamua haraka na sisikii uchungu. Kikao cha mwisho nilikubali bei ipungue, na malipo yafanyike baada ya mzigo kukaguliwa Rotterdam. Nikaona sawa tu. Kesho yake nilipokaa na wakulima kuwaeleza kwa Kiswahili, sentensi ya pili ilinishinda kumaliza. Mwenzangu mmoja aliyesoma nje anasema nisijilaumu, eti wataalamu wamethibitisha kuwa kuamua kwa lugha ya kigeni ni bora kwa sababu hisia haziingilii. Mwenzangu wa tatu, ambaye anayajua matunda kutuzidi sote, hafungui mdomo vikaoni, na sasa mnunuzi ameniuliza pembeni kama ana kinyongo na mkataba. Tutafute mkalimani? Tuendelee hivihivi? Au ni Kiingereza changu tu kibovu?"

Dada yangu, pole sana. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu naona ndilo linalokuumiza zaidi. Hapana, si Kiingereza kibovu. Mwenye Kiingereza kibovu hawezi kuendesha kikao cha bei na masharti ya malipo mpaka mwisho bila kukwama. Unachokieleza huwapata hata watu wanaoongea lugha ya pili vizuri kabisa, na watafiti wamekipima kwa zaidi ya miaka kumi sasa. Mwenzako naye hajadanganya, ila amebeba nusu ya walichokikuta watafiti hao, na nusu aliyoiacha ndiyo inayohusu kikao chenu.

Nikiuchambua wasiwasi wako naona mambo mawili yamefungwa kamba moja. Kuna uamuzi uliofanya wewe mwenyewe, kwamba ulikubali kwa wepesi jambo ambalo baadaye lilikuelemea. Halafu kuna ushirikiano: mwenzenu amekaa kimya, mnunuzi ameanza kumshuku, na wewe umekaa katikati. Nitayatenganisha, maana dawa zake si moja.

Tuanze na utafiti ambao bila shaka ndio uliomfikia mwenzako. Mwaka 2012 Boaz Keysar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walitumia swali la zamani ambalo Amos Tversky na Daniel Kahneman walilichapisha mwaka 1981, wakalibadilisha kidogo. Kuna ugonjwa utakaoua watu 600,000. Dawa ya kwanza itaokoa watu 200,000 kwa hakika. Dawa ya pili ina nafasi moja kati ya tatu ya kuokoa wote, na mbili kati ya tatu ya kutookoa hata mmoja. Wengine waliulizwa swali hilohilo kwa kugeuzwa: ukichagua dawa ya kwanza watakufa 400,000. Hesabu ni ileile kabisa. Kwa lugha yao ya nyumbani, watu waliposikia habari ya kuokoa walikimbilia dawa ya uhakika, na waliposikia habari ya kufa wengi wakaiacha wakabahatisha. Walipoulizwa kwa lugha ya kigeni, tofauti hiyo ikatoweka. Ilikuwa hivyo kwa Wamarekani waliojibu kwa Kijapani, kwa Wakorea waliojibu kwa Kiingereza, na kwa wasemaji wa Kiingereza waliojibu kwa Kifaransa jijini Paris.

Hilo unalijua kwa macho katika kazi yako. Mnunuzi akikuandikia kwamba katoni 4,600 kati ya 5,000 zimefika salama, unashukuru Mungu. Akikuandikia kwamba katoni 400 zimeoza, usiku hulali. Mzigo ni uleule.

Katika utafiti huohuo wanafunzi wa Kimarekani waliokuwa wakijifunza Kihispania walipewa dola 15, moja moja. Kila dola wangeweza kubaki nayo au kuichezea kwa kurusha sarafu: wakishindwa inakwenda, wakishinda wanaongezewa dola moja na nusu. Ukipiga hesabu, kucheza kuna faida. Kwa Kiingereza chao waliikubali bahati hiyo mara 54 katika kila mara 100. Kwa Kihispania mara 71. Woga wa kupoteza ulipungua makali.

Mwenzako ameishia hapo, na hapo ni pazuri. Katika majaribio hayo hofu ndiyo iliyokuwa ikiwapoteza watu, kwa hiyo ilipopungua wakaamua vizuri. Lakini jiulize, kuna siku ngapi katika biashara ambapo hofu au uchungu ndio unaokuambia ukweli? Wewe ulipokubali malipo baada ya ukaguzi Rotterdam, kile ambacho hukukisikia moyoni hakikuwa ujinga wa kukuzuia. Kilikuwa taarifa. Kilikuwa kinakuambia kwamba mzigo utakaa baharini wiki kadhaa kwa gharama yako, na kwamba kuna watu uliowapa neno lako.

Tena uthibitisho wa upande huo upo. Mwaka 2014 Albert Costa na wenzake walichapisha utafiti juu ya kisa kinachojulikana sana: behewa linakwenda kuua watu watano relini, na njia pekee ya kulizuia ni kumsukuma mtu mmoja kutoka darajani aangukie relini, afe yeye. Kwa lugha yao, asilimia 20 ya washiriki walisema wangemsukuma. Kwa lugha ya kigeni, asilimia 33. Siamui hapa nani alikuwa sahihi, maana wanafalsafa bado wanabishana. Ninachotaka ukione ni kwamba kumuumiza mtu aliye mbele yako kunakuwa kwepesi zaidi kulipitisha akilini ukiwa unatumia lugha ya kujifunza. Na katika kikao chako, aliyekuwa darajani ni mkulima.

Mwaka huohuo Costa na wenzake walipima pia yale maswali ya mtego ya hesabu, ambayo jibu la haraka ni kosa na jibu sahihi linahitaji utulie. Lugha ya kigeni haikuwasaidia watu kuyapata. Kwa hiyo ile dhana kwamba Kiingereza kinamfanya mtu afikiri kwa kina zaidi, mwambie mwenzako kwa upole kwamba haijasimama. Kinachobadilika ni uzito wa hisia. Akili inabaki ileile, na mara nyingine inabaki na nguvu pungufu kuliko kawaida, kama nitakavyoeleza.

Kwa nini hisia zipungue? Lugha ya nyumbani uliipata pamoja na maisha yenyewe. Uliitwa nayo ukiwa mtoto, ukakanywa nayo, ukabembelezwa nayo, ukaapa na kuomba msamaha nayo. Mwaka 2003 Catherine Caldwell-Harris na wenzake waliwafungia watu vipimo vya jasho la vidole, jasho linalotoka mwili unaposhtuka. Walikuwa Waturuki wanaoishi Marekani na kuongea Kiingereza. Yale maneno ambayo mzazi humkaripia nayo mtoto yaliwashtua zaidi kwa Kituruki kuliko kwa Kiingereza, ingawa walielewa yote mawili. Wewe Kiingereza umekipata darasani, kwenye mitihani na kwenye barua pepe. Hakuna mtu aliyewahi kukulilia kwa Kiingereza. Ukisikia "bei itashuka" kwa lugha hiyo, inaingia kama taarifa ya hali ya hewa. Ukilisema hilohilo kwa Kiswahili mbele ya mzee ambaye mwaka jana alikopa kununua miche, linaingia na mzee mzima.

Na kama nyumbani mlikua mkiongea Kibena, inawezekana kabisa hata Kiswahili chako cha kikao kina umbali fulani, na kwamba uchungu kamili utaupata siku utakapoyasema haya kwa mama yako. Sisi wa huku tuna lugha kwa tabaka, na utafiti mwingi wa Ulaya na Marekani haukuwafikiria watu wa namna yetu. Kiingereza cha mtu aliyeanza kukitumia shuleni na kazini tangu ujana si cha kigeni kwake sawasawa na Kihispania cha yule mwanafunzi wa Marekani. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi pamoja unaonyesha athari ipo, lakini kwa wastani si kubwa, na si kila mtu anaipata. Wewe umejieleza kwa namna inayofanana nayo sana, ndiyo maana nazungumza nawe hivi. Usije ukadhani kila mfanyabiashara anayeongea Kiingereza amerogwa.

Sasa ile nguvu ya akili niliyoiahidi. Mwaka 1993 watafiti wawili wa Kijapani, Takano na Noda, waliwapa watu kazi ya kufikiri na papo hapo wakawa wanawauliza maswali. Maswali yalipokuwa kwa lugha ya kigeni, kazi ya kufikiri nayo iliharibika zaidi kuliko yalipokuwa kwa lugha yao. Kuielewa na kuitunga lugha ngeni kunatumia chakula kilekile ambacho hesabu inakihitaji.

Hebu rudi kwenye kikao chako dakika ile ya bei. Mnunuzi anataja kiasi kwa katoni ya kilo nne, kwa yuro. Mtandao unakwamakwama, sura yake imeganda mdomo wazi. Wewe unamalizia kuelewa nusu ya mwisho ya sentensi yake, unatafuta namna ya kusema "lakini" isiyosikika kama ukorofi, unapanga wakati wa kitenzi, na unajua watu watatu wanasubiri. Katika foleni hiyo kilichosukumwa nyuma ni hesabu: kiasi hicho ukitoa katoni, ubaridi, lori mpaka bandarini, meli na kamisheni, inabaki shilingi ngapi kwa kilo shambani? Hiyo hesabu kwa Kiswahili unaipiga ukiwa unatembea. Pale haikupata nafasi. Jibu jepesi kuliko yote kulitunga kwa lugha ngeni ni kukubali. Kukataa kunahitaji sababu, na sababu inahitaji sentensi tatu nzuri. Nimekaa na wafanyabiashara wengi waliotoka vikaoni na masharti mabaya, na wengi wao hawakushindwa hoja. Walichoka.

Kwa hiyo mambo mawili yalikukuta kwa mpigo. Uchungu ambao ungekuzuia ulikuwa umepoa, na hesabu ambayo ingekuzuia haikuwa na nafasi. Kila moja peke yake ungeimudu.

Nije kwa mwenzenu wa tatu, maana hapa ndipo naona hatari kubwa kuliko hata ile ya bei. Mtu anayeyajua matunda kuliko wote akikaa kimya, kampuni inaingia kikaoni bila utaalamu wake. Tsedal Neeley wa Harvard aliwachunguza wafanyakazi wa kampuni moja ya Kifaransa iliyoamua kazi zifanywe kwa Kiingereza. Alikuta kwamba watu walijiona wameshuka hadhi, na haikujali Kiingereza chao kilikuwa kizuri kiasi gani. Mtu aliyekuwa akisikilizwa ofisini kwa ajili ya ujuzi wake anajikuta anaongea kama kijana wa kidato cha pili, na ananyamaza ili alinde heshima yake. Sidhani mwenzenu ana kinyongo. Nadhani anaona aibu ya kusema kwa sentensi fupifupi jambo analolijua kwa undani.

Na woga wake si wa bure. Mwaka 2010 Shiri Lev-Ari na Keysar walisikilizisha watu sentensi kama ile isemayo kwamba twiga anaweza kukaa bila maji muda mrefu kuliko ngamia. Zilizosomwa kwa lafudhi ya kigeni watu waliziona si za kweli sana kuliko zilizosomwa na mzawa, ingawa waliambiwa wazi kwamba msomaji anasoma tu maneno ya mtu mwingine. Sikio likipata kazi ngumu, linamlaumu msemaji. Kwa hiyo mwenzenu akisema kwamba matunda ya wiki ile hayajakomaa vya kutosha kuhimili safari, uzito wa neno lake unapunguzwa na lafudhi. Ndiyo sababu nitakushauri maneno ya aina hiyo yaende kwa maandishi na vipimo. Karatasi ya kipimo cha ukavu wa tunda, kile kinachoonyesha limekomaa kiasi gani, haina lafudhi.

Usisahau pia kwamba mnunuzi wako naye si mzawa wa Kiingereza. Kuna utafiti wa mwaka 2010 wa Akkermans, Harzing na van Witteloostuijn uliofanywa kwa Waholanzi haohao, katika mchezo ambao mtu huchagua kushirikiana na mwenzake au kumzidi ujanja. Waliocheza kwa Kiingereza walielekea kushindana zaidi kuliko waliocheza kwa Kiholanzi, na hasa wale waliowahi kuishi katika nchi za Kiingereza. Inaonekana mtu huichukua lugha pamoja na tabia za sokoni alikojifunzia. Sikuambii hivyo ili umwonee huruma katika bei. Nakuambia kwa sababu ule ukavu unaousikia kwake huenda si yeye mzima, kama ambavyo ukimya wa mwenzenu si yeye mzima. Amekuuliza kama kuna kinyongo. Mtu asiyejali uhusiano haulizi swali hilo. Mjibu. Mweleze waziwazi kwamba mwenzenu hutafakari kwa Kiswahili na maoni yake yatafika kwa maandishi ndani ya siku mbili baada ya kila kikao. Mkihitaji kuongea Kiswahili katikati ya kikao, semeni kwanza: tunaomba dakika tano tushauriane kwa lugha yetu. Watafiti wa makampuni ya kimataifa wamelikuta hili mara nyingi. Watu wakigeukia lugha yao ghafla, aliyebaki nje hudhani anasengenywa, wakati wao walikuwa wanatafuta neno tu.

Umeniuliza juu ya mkalimani. Nampenda mkalimani kwa sababu moja ambayo watu hawaitaji: anakupa muda. Kila sentensi inapotafsiriwa, wewe uliyeielewa mara ya kwanza unabaki na nusu dakika ya kupiga hesabu. Kikao kinakuwa kirefu karibu mara mbili, gharama ipo, na katika uhusiano wa miaka mingi mnaweza kuonekana mmejitenga. Ukimchukua, chukua aliyesomea kazi hiyo, na mpe mapema orodha ya maneno ya biashara yenu: madaraja ya matunda, saizi za katoni, masharti ya usafirishaji. Usimchukue mpwa anayejua Kiingereza. Mpwa atakuonea huruma, ataanza kupatana bei badala yako, na hutajua alipopunguza wala alipoongeza. Kwa vikao vya kila mwezi sidhani mnamhitaji. Kwa kikao cha kufunga mkataba wa msimu, ndiyo.

Kumwachia mwenzenu aliyesoma nje aongee peke yake sikushauri. Yeye ndiye hasa ambaye Kiingereza kinamtelezea mdomoni, na kwa maelezo yako ameshaamini kwamba kutosikia uchungu ni ubora. Aongoze salamu na maelezo ya jumla, lakini asiwe na ruhusa ya kusema ndiyo juu ya bei.

Nadhani njia inayowafaa ni kuendelea na Kiingereza mezani, ila msiache ndiyo yenu itoke mezani. Kabla ya kikao kaeni watatu, kwa Kiswahili, pamoja na mwakilishi wa wakulima, mwandike kwenye karatasi bei ya chini kabisa mtakayoikubali kwa kilo na masharti matatu msiyoyagusa. Karatasi hiyo iwe mbele yako kikao chote. Kikaoni jukumu lako ni kusikiliza, kuuliza, na kusema kwamba mmepokea na mtajibu kwa barua pepe kesho kutwa. Mnunuzi makini amezoea hilo. Baada ya kikao mwenye kauli ya kwanza awe yule mnyamavu. Msimulieni mapatano yote kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, kana kwamba ndiye mkulima, na msiruke kifungu kwa kusema "hicho ni cha kawaida". Mahali ambapo sauti inakukwama, kama ilivyokukwama kwa wakulima, wekeni alama. Hapo pana jambo la kuuliza.

Halafu itumieni pia ile faida ya kweli ya lugha ya kigeni, maana ipo. Kuna maamuzi ambayo uchungu ndio unaotupoteza: kuendelea kumwaga fedha kwenye chumba cha ubaridi kibovu kwa sababu tumeshakigharamia sana, kumng'ang'ania msambazaji kwa sababu ni ndugu, kukataa soko jipya kwa sababu mzigo mmoja uliwahi kuharibika. Jambo kama hilo liandike kwa Kiswahili, ujibu. Siku ya pili liandike kwa Kiingereza, ukiligeuza: kama jana uliandika hasara, leo andika faida. Majibu yakifanana, endelea. Yakipishana, usiamue siku hiyo. Tafuta kwanza ni hisia gani iliyoondoka, na kama ilikuwa inakudanganya au inakuonya. Nimeona watu wakilifanya hili kwa daftari la kawaida na likawaokoa na madeni.

Kuna mambo ambayo hayatoshi kuamuliwa kwa ushauri wa kusoma. Mkataba wowote wenye kifungu cha kuuza kwa mnunuzi mmoja tu, kifungu cha malipo baada ya ukaguzi, au kifungu kinachosema migogoro itaamuliwa nje ya nchi, mpelekee wakili umwone ana kwa ana kabla ya kusaini. Mwaka 2021 Tanzania ilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na watu wengine wamedhani kwamba mkataba wa Kiingereza sasa hauna nguvu. Una nguvu. Mkiamua kuwa na nakala mbili, ya Kiswahili na ya Kiingereza, mkataba useme wazi ni ipi itakayofuatwa zikipishana, vinginevyo mmejiongezea ugomvi. Uganda wenzetu wana sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma ambayo inamhesabu katika kundi hilo hata msomi, kama hawezi kuisoma na kuielewa lugha ambayo hati husika imeandikwa. Naiona sheria ya busara sana, na mfanyabiashara anaweza kujitungia yake hivyohivyo: hati ambayo hakuna aliyenieleza kwa lugha yangu, sijaisoma. Mtu akikushinikiza usaini siku hiyohiyo kikaoni, hiyo peke yake ni sababu ya kumwona wakili. Na kama usingizi umekupotea kwa sababu ya vikao hivi, au unatetemeka kabla ya kila simu, zungumza na mshauri nasaha au daktari. Hilo si jambo la kuvumilia kiume wala kike.

Sasa mapatano uliyokwisha kuyakubali. Hujaniambia kama umesaini. Kama bado, una nafasi, na usione aibu kuitumia. Andika wiki hii, kwa ufupi, kwamba baada ya kushauriana na wenzako na wakulima mmeona sharti la malipo linahitaji kuzungumzwa upya kabla ya kutiwa saini. Usijieleze sana wala usiombe radhi kwa Kiingereza chako. Pendekeza kitu kamili: sehemu ya malipo ilipwe hati za usafirishaji zikitoka, kuwe na bei ya chini iliyohakikishwa hata soko likianguka, ukaguzi wa Rotterdam ufanywe na mkaguzi wa tatu asiye wa upande wowote, na malalamiko ya ubora yatolewe ndani ya muda mfupi uliotajwa, yakiwa na picha. Hayo ni maombi ya kawaida katika biashara ya matunda mabichi, na mnunuzi hatashangaa kuyaona. Watu wa TAHA, chama cha kilimo cha bustani Tanzania, wanawasaidia wauzaji wa mazao ya bustani katika mambo kama haya. Waulizeni kabla hamjatuma.

Kama umesaini, mambo ni magumu zaidi lakini hayajafungwa. Peleka mkataba kwa wakili akuambie kilichopo na kinachoweza kubadilishwa kwa makubaliano ya pande mbili, kisha uandike barua hiyohiyo kama ombi la msimu ujao, na ombi la kulegezewa kwa msimu huu.

Na wakulima, warudie kabla hawajayasikia kwa mtu mwingine. Maliza ile sentensi ya pili. Waambie bei iliyotajwa, sharti lililotajwa, mnachokwenda kuomba, na tarehe mtakayowaletea jibu. Nenda na mwenzenu mnyamavu, yeye aeleze habari ya matunda na ukaguzi. Huko hatahitaji mtu wa kumsemea.